Ruhusa ya Nyundo Mbili

Marquette, Michigan
14 Januari 2024

Mdogo wangu Reino,

Faili la ngao ya Duane LaBelle limefunguliwa upya. Aliyetangaza ni Thaddeus Orme, Msajili Mkuu wa Chama chetu cha michezo ya vita vya kale, katika waraka wake wa Ijumaa kutoka Ohio. Mwombaji ni Corinne, binti wa marehemu, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili.

Salamu zinafuata habari. Ndivyo nilivyozoeshwa gazetini miaka thelathini na moja, na wewe umenizoea. Hujambo? Mimi sijambo. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. Mama ametimiza themanini na tisa. Wiki iliyopita alimpiga muuguzi kwa mwiko, muuguzi akashonwa nyuzi mbili juu ya nyusi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Kaniita mpenzi. Mimi ni mpenzi wake tangu lini?" Anakuulizia kila Jumapili. Namwambia uko kazini kusini. Anasema, "Fundi wa kuchomelea hakosi kazi," kisha anarudi kwenye supu yake.

Sasa jambo lenyewe. Sheria unaijua, lakini nairudia tusije tukagombana juu yake. Ngao mbili katika daftari la Chama lazima zitofautiane kwa mambo mawili. Yako ni uwanja mwekundu uliochorwa nyundo tatu nyeupe. Anayoomba Corinne ni ile ya baba yake: uwanja mwekundu, nyundo mbili nyeupe. Idadi ya nyundo ni tofauti moja tu. Kwa hiyo inagongana na yako, kama ilivyogongana mapema mwaka 2015 tulipolirudisha ombi la baba yake. Njia iliyobaki ni mwenye ngao ya kwanza kuandika kwa mkono wake kwamba anauruhusu mfanano huo. Ni mistari miwili na sahihi.

Usajili wa kanda ya kaskazini bado ni wangu, kwa hiyo ombi limekuja mezani kwangu. Nakuomba mistari hiyo miwili. Msichana hana kitu kingine cha baba yake kinachoweza kuingia daftarini.

Dada yako,
Aili


Gerezani
2 Februari 2024

Dada Aili,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena, kama kawaida. Mama mpe pole ya mwiko. Mimi ni mzima. Mgongo unauma asubuhi tu.

Jumanne jamaa mmoja wa bweni letu alimwagiwa maji ya moto yaliyochanganywa na sukari. Sukari ndiyo inayoyafanya yagande. Walipomfuta, ngozi ya shavu ilitoka na taulo. Ugomvi ulikuwa wa kiti cha mbele ya televisheni. Mimi nilikuwa meza ya pili, nikamalizia uji wangu.

Jibu ni hapana. Duane alijichorea nyundo zangu, akaja nazo kwenye mstari wetu, mke wangu akamfungulia njia akidhani ni mimi, na leo Marcy ana jicho moja. Hayo niliyasema mahakamani, jaji akayakubali, na ndiyo maana niliandikiwa kuua bila kukusudia badala ya lile neno jingine. Bodi ya Parole inanisikiliza tarehe 11 Juni. Unataka niwaambie nini? Kwamba aliyeiba ngao yangu nimeamua kumpa kwa hiari?

Kitu kimoja. Ile kofia ya chuma ya Marcy, kama bado iko kwenye chumba chako cha chini, itoe. Wape watu wa chuma chakavu. Inashika kutu bure.

Mdogo wako,
Reino


Marquette
19 Februari 2024

Mdogo wangu Reino,

Natumaini mgongo umepoa. Mama amenyang'anywa mwiko, anakula kwa kijiko cha plastiki, na hasemi na mtu. Maombi ya mwezi huu ni thelathini na nane. Wanane wanataka mbwamwitu kwenye ngao. Bwana mmoja wa Green Bay anataka kuandikishwa kwa jina la Mfalme Ivan Mvunja Mifupa. Nimemjibu kwamba ufalme hauombwi kwa fomu.

Corinne alikuja Jumamosi na pasti mbili za nyama na viazi, za moto. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kwenye kijibao.

"Nani kakufanya hivyo?" nikamuuliza.

"Jamaa wa Sault. Kanipiga juu ya kinga ya mkono. Pigo zuri, nikalikubali, nikaanguka kama maiti, ndiyo sheria. Raundi ya pili nikamvunja pua."

"Ndani ya kofia?"

"Kofia ilibonyea. Pua ilikuwa nyuma yake, bibi."

"Usiniite bibi."

"Basi shangazi."

Ana mabega ya baba yake na huuma chakula kama mtu anayekimbizwa. Anapigana kwa ngao nyekundu tupu, mwaka wa pili sasa. Wenzake humtania uwanjani: LaBelle, umesahau kuchora au umeishiwa rangi? Huwajibu kwamba anangoja barua, kwa kuwa desturi ni kutopaka kitu kabla ya barua ya maamuzi. "Baba alipaka mapema," aliniambia. "Mimi sitapaka mapema."

Halafu akasema jambo hili, nami naliandika kama alivyolisema: "Baba alirudi nyumbani siku moja akiimba. Akasema Reino kanikubalia, na kwa maandishi. Akapaka siku ileile, palepale gereji. Nilimshikia kopo. Ninyi mahakamani mkasema kaiba."

"Mimi nilisema haijasajiliwa," nikamwambia.

"Ni kitu kimoja?"

Nilimwongezea kahawa. Hakuinywa.

Nakuuliza kwa maandishi, Reino, nawe unijibu kwa maandishi. Uliwahi kumwandikia Duane ruhusa?

Dada yako,
Aili


Gerezani
27 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Umengoja, najua. Nilikaa siku ishirini na moja kwenye chumba cha peke yangu, na kule hawatoi kalamu. Jamaa mpya aliniita "Nyundo" kwenye foleni ya chakula. Akasema, "Nyundo, eti wewe huwa unawamaliza waliokwisha piga goti?" Sijui nani alimwambia. Nilimshika kisogo nikampigiza uso kwenye ukingo wa kaunta. Mara mbili. Meno manne. Kabla ya mara ya tatu walinidaka. Nilipolala sakafuni askari mmoja alinikanyaga mkono wa kushoto, kwa hiyo usishangae mwandiko. Karatasi inatelezateleza bila mkono wa kuishika. Bodi wataliona na hilo.

Mama mwambie asile kwa plastiki. Atakufa kwa hasira kabla ya uzee.

Swali lako usilirudie. Barua hizi zinasomwa kabla hazijanifikia. Wewe uliapa ukasema haijasajiliwa, na kweli haikuwa imesajiliwa. Iache hapo. Zimebaki wiki kumi na moja. Umekaa kimya miaka minane, nini kimekuamsha sasa?

Na kofia umeitoa? Hukunijibu.

Reino


Marquette
8 Aprili 2024

Mdogo wangu Reino,

Mama hajambo, amerudishiwa kijiko cha chuma kwa masharti. Barafu ya ziwani imeanza kupasuka na sauti yake inafika hadi jikoni. Pole ya mkono. Yule jamaa wa meno manne sina la kumwambia, simjui jina, na hukuliandika.

Najua barua zinasomwa. Ndiyo maana hii nimeiandika kwa hati inayosomeka.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti 2015, saa nane na dakika ishirini mchana, katika uwanja wa kambi ya Agosti nje ya Escanaba, watu wapatao mia nne walikuwa wakipigana kwa fimbo za henzirani zilizozungushiwa utepe. Duane LaBelle, miaka arobaini na sita, alifika mbele ya Marcy Kangas akampiga usoni pigo moja. Fimbo ilipita kwenye nondo za kofia ikapasua jicho la kushoto. Mapigano yalisimamishwa. Duane alivua kofia yake akapiga goti kando yake. Reino Kangas, mume wa Marcy, alitembea hatua kama kumi na mbili akampiga Duane kwa ukingo wa chuma wa ngao yake. Mara nne. La kwanza lilimpata bega. La pili lilivunja taya. La tatu lilichana sikio. La nne lilivunja koo. Ambulensi ilifika baada ya dakika thelathini na moja. Duane alikufa katika dakika ya kumi na tisa, akiwa ameshikwa mkono na binti yake wa miaka kumi na mitatu.

Hayo yako kwenye kumbukumbu za mahakama. Yanayofuata hayamo.

Ndani ya sanduku langu la majalada kuna karatasi ya tarehe 3 Juni 2015, kwa mkono wako: "Mimi Reino Kangas namruhusu Duane LaBelle na watoto wake kubeba nyundo mbili nyeupe juu ya nyekundu, ingawa zinafanana na zangu. Ni rafiki yangu, na anapiga nyundo vizuri kuliko mimi." Uliniletea mwenyewe ili niiambatanishe na ombi lake jipya la Septemba. Septemba ilipofika Duane alikuwa mwezi mmoja kaburini, na wewe ulikuwa rumande. Nikaiacha sandukuni. Kizimbani wakili wako aliniuliza kama ngao ile ilikuwa imesajiliwa. Nikasema hapana. Mwendesha mashtaka hakuuliza kama iliruhusiwa. Sikuulizwa, sikusema. Nimeandika habari za watu wengi waliojificha nyuma ya maneno hayo, na sikumwandika hata mmoja kwa heshima.

Alhamisi nilikwenda Houghton kumwona Marcy. Anakusalimu kwa namna yake, yaani hakukutaja. Nilimuuliza kama kweli alidhani ni wewe.

"Wifi," akasema, "siku ile nilikuwa na macho mawili. Nilihesabu nyundo. Mbili. Nikamwambia, njoo basi mzee nikuzike. Akaja. Nilichelewa kuinua ngao, basi."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nilikuwa hospitali nikijifunza kumimina maji kwenye glasi badala ya mezani."

Kisha nikashuka chumba cha chini. Umeniuliza mara mbili juu ya kofia. Nondo ya tatu ya usoni haipo. Chuma hakikukatika. Kiliachia pande zote mbili pale kilipochomelewa. Sheria ya Chama inataka kila nondo ichomelewe kuzunguka ncha zake zote. Hii ilikuwa imeshikizwa kwa nukta moja kila upande. Polisi hawakuichukua kofia, maana hakuna aliyeshtakiwa kwa ajili ya jicho. Kofia hiyo uliitengeneza wewe.

Nitaipeleka ruhusa ya Juni kwa Orme tarehe 15 Mei. Nakala itakwenda kwa mwendesha mashtaka na kwa Bodi, pamoja na maelezo yangu ya kwa nini imechelewa. Kwa sheria zetu ruhusa inasimama mpaka aliyeitoa aifute kwa maandishi. Ukitaka kuifuta, mstari mmoja unatosha, na Corinne atabaki na ngao tupu. Lakini kuifuta ni kukiri kwamba ilikuwepo. Sikukutegea, mambo yamekaa hivyo yenyewe.

Una wiki tano.

Dada yako,
Aili


Gerezani
6 Mei 2024

Dada Aili,

Shikamoo. Mkono unafunga na kufungua. Natumaini Mama anapigana bado.

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa matusi, nimezitia chooni. Zilikuwa matusi mazuri, ungeyapenda.

Kofia ile niliimalizia Alhamisi, siku mbili kabla. Gesi ilikuwa inaisha. Nondo nne kati ya tano nilizichomelea sawasawa. Ya tatu niliishikiza tu, nukta huku nukta kule, nikasema Ijumaa nitabadilisha mtungi. Ijumaa tulikuwa tunapakia mahema. Marcy aliiinua akaigonga kwa kidole, akasema, "Fundi, iko sawa hii?" Nikamwambia, "Ukifa nirudishie."

Pigo la Duane lilikuwa halali. Nililiona. Lilikuwa pigo la kawaida ambalo nondo ingelizuia na Marcy angecheka. Nikasikia kelele yake. Si kelele ya kuumia tu; hiyo nimeisikia kwa watu wengi. Nikaona Duane amepiga goti, kofia pembeni, anamwambia, "Tulia, Marcy, tulia, usishike." Nilikuwa nakwenda kumsaidia. Nataka ujue hilo. Hatua kumi za kwanza nilikuwa nakwenda kumsaidia.

Ndipo akaiokota nondo kwenye majani. Na yeye alikuwa fundi, unakumbuka. Akaigeuza akatazama ncha moja, akaigeuza akatazama ya pili. Halafu akainua uso akanitazama. Kama angenitukana labda angekuwa hai. Alinionea huruma, dada. Nikampiga ili aache kunitazama. La pili na la tatu sikumbuki. La nne nalikumbuka, kwa sababu alikuwa ameshaacha kunitazama na mimi nikapiga tu.

Nondo niliichukua mkononi mwake. Kabla polisi hawajafika nilikuwa nimeitupa kwenye choo cha kambi. Habari ya wizi wa ngao nilimpa wakili kesho yake. Alifurahi sana. Alisema wazee wa baraza wataielewa. Waliielewa.

Yule kijana wa meno manne anaitwa Curtis Boyle. Nimeuliza.

Ruhusa mpya sikuandikii. Mwandiko wa leo si wa rafiki wa mtu. Ile ya Juni niliiandika nikiwa rafiki yake, na kila neno lililomo ni kweli, hata lile la nyundo. Siifuti. Ipeleke. Barua hii nayo ipeleke, maana huku imeshasomwa na mimi sitaki wawe wao wa kwanza kuipeleka.

Kofia usiitupe.

Reino


Marquette
20 Mei 2024

Mdogo wangu Reino,

Bodi ya Parole imethibitisha kwamba imepokea nyaraka tatu: ruhusa ya tarehe 3 Juni 2015, maelezo yangu, na barua yako ya tarehe 6 Mei. Aliyethibitisha ni karani wa Bodi, kwa simu, leo saa nne asubuhi. Anasema kikao chako hakijaahirishwa, lakini mwendesha mashtaka ameomba naye asikilizwe. Wakili niliyemuuliza anasema usitarajie kutoka mwaka huu, wala ujao. Mimi nitahojiwa Alhamisi hii juu ya kiapo changu. Kofia imechukuliwa na polisi, wamenipa risiti.

Mama hajambo. Nilimwambia ukweli wa mahali ulipo. Akasema, "Nilijua. Kazi gani haina likizo ya Krismasi?" Anataka picha yako, si ya zamani.

Marcy nilimsomea barua yako kwa simu, yote. Nilipofika kwenye gesi aliniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akakata simu. Hajapiga tena.

Orme amepokea ruhusa na kuikubali kuwa halali. Ombi la Corinne limepangwa kwenye kikao cha maamuzi cha Jumamosi, tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi, namba kumi na saba kati ya thelathini na mbili. Barua yako sikumficha Corinne. Aliisoma amesimama, mlangoni kwangu, akiwa amevaa koti. Nilimuuliza kama bado anazitaka nyundo zile, sasa anapojua zimepita mkononi mwa nani.

"Ruhusa imeandikwa kwa baba na watoto wake," akasema. "Mimi ni mtoto wake. Siombi zaidi ya hapo, na sitoi zaidi ya hapo. Mwambie hivyo, shangazi, usilainishe."

Sijalainisha.

Amenunua kopo la rangi nyeupe. Liko juu ya rafu gereji kwao, palepale alipomshikia baba yake lile jingine, na kifuniko hakijabanduliwa. Anangoja barua.

Jumamosi ya tarehe 8 nitakuwa Ohio kumsikiliza Orme akiisoma namba kumi na saba. Jumapili nitaendesha kuja kwako. Kikao chako ni Jumanne, tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili. Jina langu liko kwenye orodha ya wageni, na safari hii nimeomba niulizwe.

Dada yako,
Aili